Onesphore Ndikuriyo, Sauti ya Jumamosi ya Fittja

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Fittja hapa Stockholm, nanyi mliopanda treni kutoka Rinkeby na kwingineko, familia imenipa mimi Denise, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, nami naomba mnivumilie, maana mwenye sauti nzuri katika ukoo huu ndiye aliyelala hapa mbele yenu.

Marehemu Onesphore alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaajiriwa na redio moja ya mjini kutangaza mpira, kazi aliyoipenda kuliko chakula, hadi vita vilipomtoa mwaka 1995 na kumfikisha Kigoma, mikono mitupu, mdomo ukiwa mzima.

Huko Kigoma alimpata Veronica, wakafunga ndoa tarehe 11 Julai 1998, wakafika Stockholm Novemba 1999, wakajaliwa Adam tarehe 2 Mei 2000 na Nora tarehe 23 Septemba 2004, watoto waliosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiswidi, na baba yao hakuwakemea, alisema ilimradi wanajibu.

Kuanzia mwaka 2003 marehemu aliendesha basi katika wilaya yetu hii ya Botkyrka, lakini roho yake ilibaki kwenye maikrofoni, hivyo mwaka 2009 akaomba chumba cha chini kabisa cha ghorofa walimoishi, kile cha kuwekea vigari vya watoto, akaanza kurusha matangazo ya mpira kwa mtandao kila Jumamosi, na Adam alipoingia kwenye ule mpira wa Kimarekani, wa kubeba mkononi na kugongana, marehemu akajifunza sheria zake zote ukubwani, akautangaza kwa Kiswahili, na mchezaji akivuka mstari wa mwisho alipaza sauti, "Kafika nyumbani!", hata wazee waliokuwa hawajui lolote kuhusu mchezo huo wakawa hawabanduki kwenye simu zao.

Mwezi Juni 2018 alikuja Stockholm yule ambaye sote tunamwita Kocha, kana kwamba makocha wengine hawapo, kocha mkuu wa mpira huo katika chuo kimoja kikubwa cha Marekani, aliyekuwa akitafuta vijana wa kuchezea timu yake, mtu ambaye hata mkuu wa chuo chake humsubiri amalize kula ndipo aseme, akaketi katika chumba kile cha vigari, akala sambusa za Veronica, akamvisha marehemu kofia ya timu, na tangu siku hiyo msaidizi wake akawa anamtumia marehemu habari kabla ya kila mechi ya chuo hicho, nani atacheza, nani mgonjwa, nani mzima, naye akawa anazitangaza kama zilivyokuja, na jamani, tulimwonea fahari, wazazi wakawa wanampigia simu kuomba watoto wao watajwe, maana ilishaaminika hapa kwetu kwamba kijana aliyetajwa na Onesphore ameshaonwa na Kocha.

Adam alichukuliwa na chuo hicho Juni 2019, akaagwa kwa sherehe ukumbini Fittja, na tarehe 12 Oktoba mwaka huo akagongwa kichwani uwanjani, akawa haoni vizuri, mwanga unamuumiza, ila asubuhi ya Jumamosi iliyofuata, tarehe 19, ujumbe ukaja kama kawaida kwamba kijana ni mzima kabisa, na baba yake, kwa furaha, bila kumpigia mwanawe kwanza, akafungua kipindi kwa kutangaza, "Adam yuko fiti, Fittja simameni!", wala hakujua kwamba Adam alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, simu sikioni, akimsikiliza baba yake kama alivyozoea kabla ya kila mechi, na kwamba daktari wa timu alikuwa njiani kuja kumuuliza anajisikiaje.

Akacheza, akagongwa tena, na kijana yule aliyeondoka akipanda ngazi tatu tatu hawezi leo kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja, na baba yake alipomuuliza kwa nini hakumwambia daktari ukweli, Adam alimjibu kwa Kiswidi, taratibu, neno baada ya neno, "Ulikuwa umeshasema, baba."

Marehemu aliyaeleza yote hayo hewani, akaomba jambo moja tu, Kocha atamke kwamba ujumbe ule haukuwa kweli, na Kocha alipoulizwa mbele ya kamera alisema anaiombea familia, ila habari za uzima wa kijana zilitangazwa na baba yake mzazi, na wale wachambuzi wakubwa wa televisheni, wanaokula meza moja na makocha, wakatikisa vichwa wakasema masikini, na hapa kwetu wazazi wakamwomba Onesphore anyamaze asije akawaharibia watoto wao, wasikilizaji wakahamia kipindi cha Sami, mtangazaji mwingine wa hapa kwetu, ambaye sasa ndiye anayetumiwa ujumbe na msaidizi wa Kocha, na marehemu akaendelea kutangaza kila Jumamosi, wa kumsikiliza wakiwa Nora na mama yake.

Alianza kuugua Februari 2025, ikagundulika saratani ya kongosho, akatibiwa bila mafanikio, na alifariki dunia Jumatano tarehe 5 Novemba 2025 asubuhi, Adam akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, madereva wenzake, na majirani waliopika, na inawaomba radhi kwamba baada ya chai viti vitaondolewa mapema, kwa kuwa kesho ukumbi umekodiwa na Milly, jirani yetu, anayemuaga mwanawe Anthony, anayekwenda Januari kwa Kocha yuleyule, na Sami ameshamtaja.

Mwisho, marehemu aliagiza yasomwe masahihisho aliyoyangoja miaka sita yatoke kwa mwingine, nayo ni haya: Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2019, Adam Ndikuriyo hakuwa fiti.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo sisi hatukukupa.