Miaka Thelathini na Minne ya Kuandika Rangi za Wanyama

Tarehe thelathini mwezi huu, mtunza wanyama mkuu wa bustani yetu, ambaye sote tunamwita Mjomba, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Anaondoka mapema kwa sababu ya macho, na katika kazi yake macho ndiyo kila kitu.

Alianza kama mfagiaji wa vizimba. Mwaka wa pili alijinunulia daftari kubwa, na tangu hapo kila asubuhi, kabla mnyama hajalishwa, aliandika rangi yake. Hakuridhika na neno "kijani" peke yake. Ilibidi kiwe kijani cha ndizi mbichi, au cha chupa. Tulimcheka sana, mimi mtunza stoo nikiwa wa kwanza.

Kicheko kiliniishia mwaka ule flamingo walipoanza kupauka. Daktari wa wanyama alipima damu wiki mbili asione ugonjwa. Mjomba alifungua daftari akaonyesha kwamba manyoya mapya yalianza kuota meupe tangu tulipobadilisha chakula. Flamingo hajitengenezei ile rangi ya waridi. Huipata kwenye anachokula, na mwili ukaipeleka kwenye manyoya. Magunia ya chakula hicho kipya niliyaagiza mimi. Hakunisema kwa mtu, ila mwezi mzima kila nikipita aliniuliza kama nami nimekula chakula chenye rangi.

Mgeni mmoja alibisha kwamba kinyonga huiga chochote anachokanyaga, akamtandikia shati lake la mirabaraba. Mjomba akamletea kiti asubiri. Alisubiri hadi mchana, akaondoka na shati lenye kinyesi. Wanafunzi walielezwa vizuri zaidi: ngozi ya kinyonga ina chembe ndogo mno za fuwele, akitulia hukaribiana, naye huonekana kijani, akipandwa na hasira huachana, na wekundu ukajitokeza.

Mwaka huu, siku kumi na moja mfululizo, Mjomba aliandika kwamba kinyonga jike wa kizimba cha tatu ni kijani kitupu. Kumbe alikuwa amejaa madoa ya buluu na njano, dalili kwamba ana mayai na anahitaji mchanga wa kuyafukia. Akiukosa, mayai humkwama tumboni na kumuua. Mtunza msaidizi, dada aliyefundishwa kazi na Mjomba mwenyewe, aliyaona madoa hayo. Alinyamaza siku mbili kwa heshima. Ya tatu akamwambia. Mchanga ukaletwa saa hiyohiyo, na yakatagwa mayai thelathini na moja.

Mjomba hakujitetea. Aliliweka daftari mezani kwa mkurugenzi, akaomba kustaafu. Alipewa kazi ya ofisini, akakataa. Kurasa zile kumi na moja hakuzichana. Pembeni ya kila moja ameandika kwamba si kweli, akatia sahihi. Ilimuuma, na sisi ilituuma kumtazama.

Kilichomfika macho ni mtoto wa jicho, na jicho la kwanza litafanyiwa upasuaji tarehe nane mwezi ujao. Mayai huchukua miezi kadhaa kuanguliwa. Hakutaka zawadi. Ameomba tumpigie simu siku yatakapoanguliwa, aje aandike rangi ya vitoto kwa mkono wake.

Asante, Mjomba. Tunakuombea upone, upumzike na mkeo, shangazi yetu, mfurahi na wajukuu. Simu tutapiga.