Mama Wawili wa Sifa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa hapa Gungu, apewe sifa Ujiji, na ng'ambo kule tulikotoka apewe sifa vilevile!

Mmenizoea nikisimama mbele yenu kama mchungaji, Biblia mkononi. Leo mahubiri nimeyaweka pembeni. Nasimama kama baba wa mtoto. Kuna jambo ambalo Mungu alitutendea mimi na mke wangu Faida, na kila nikilikumbuka mwili unanisisimka. Wengine mmelisikia vipande vipande. Leo lisikieni lote.

Kwetu ni upande wa Kongo, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Baraka, kando ya ziwa hilihili. Nililima mihogo, nikachunga kanisa dogo la udongo. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Sifa, hajatimiza hata miaka mitatu. Pamoja nasi aliishi Zawadi, mdogo wake Faida, msichana wa kucheka kutwa.

Huyu Sifa, ndugu zangu, alikuwa na mkono mwepesi! Tukifumba macho kuombea chakula, tukifumbua, samaki hayupo. Basi Faida akamfundisha: wakati wa kuomba, mikono yote miwili kichwani mpaka amina. Na ili mtoto asijione ameadhibiwa, sote tukawa tunafanya hivyo, mimi mchungaji mzima, mikono kichwani mbele ya bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu. Mama mkwe alipotutembelea alishtuka. Ninyi mnajua, mtu akiweka mikono kichwani amefikwa na msiba. "Mnajiitia matanga!" akatuambia. Sisi tukacheka. Tulikuwa na amani, tukadhani amani ni mali yetu.

Vita vikaja. Sitawasimulia yote, maana humu ndani wengi mliyapitia hayohayo na mnajua mlichokiona. Tulikimbia na nguo za mwilini. Tulipofika ufukoni palikuwa na boti mbili, watu wanasukumana. Zawadi alikuwa mbele yetu na Sifa mgongoni, kamfunga kwa kitenge. Akavutwa akaingia boti ya kwanza, nayo ikasukumwa majini palepale. Sisi tukaingia ya pili. Ilikuwa asubuhi, ziwa limelala kabisa. Tuliwaona mbele yetu. Zawadi aligeuka akatupungia mkono, akamgeuza na mtoto ili atuone.

Katikati ya ziwa upepo ukaamka kutoka kaskazini. Mnalijua Tanganyika likikasirika! Mawimbi yalisimama kama kuta. Tulichota maji kwa sufuria, kwa viatu, kwa viganja. Ukuta mmoja wa maji ulipopita nikatazama mbele, na ile boti ya kwanza sikuiona tena.

Sisi tulitua Katonga, mwalo wa hapa Kigoma ambapo boti hufikia. Ile nyingine haikutua. Tukangoja jioni ile, tukangoja kesho yake. Wenzetu wakapakiwa kwenye malori kwenda kambini. Sisi alikuja kutuchukua shangazi yangu, aliyeolewa hapa Gungu tangu zamani, akatupa chumba. Nikaulizia kambini, nikaulizia hospitali, nikaulizia kila mvuvi. Hakuna aliyejua.

Ndugu zangu, nilikuwa mchungaji, lakini maombi yalikauka mdomoni. Nilikuwa nafungua kinywa naona maji tu. Ila Faida, mke wangu! Faida alianza kupika ugali na samaki pale mwaloni Katonga, akiwauzia wavuvi na wachuuzi. Angeweza kupika sokoni, karibu na nyumbani. Alichagua Katonga kwa sababu boti zote zinafika pale. Na kila mchana, kabla ya kula chakula chake, aliweka mikono miwili kichwani akafumba macho. Watu wakasema, maskini, yule mama analia mwanawe. Kuna siku mama mmoja muuza dagaa alimshika bega akamwambia pole. Faida akamjibu, "Asante mama, lakini silii. Nashukuru."

Mwaka ukapita, wa pili ukawa unaelekea kwisha. Shangazi akaniita na wazee wa kanisa wakiwepo. Waliongea kwa upole, siwalaumu. Walisema mtoto yuko kwa Bwana, na mama yake hatapona mpaka akubali. Tufanye ibada ya kuwaaga Sifa na Zawadi, tumalize matanga, maisha yaendelee. Nikaona wana haki. Tukapanga nitangaze Jumapili.

Jumamosi, mchana, nikashuka Katonga kumwambia. Nilikaa kwenye benchi lake, chini ya turubai, nikamweleza. Alikuwa ameshika mwiko. Hakupandisha sauti.

"Baba Sifa," akasema, "wewe ni mume wangu na ni mchungaji wangu. Lakini kesho ukitangaza kwamba mtoto wangu amekufa, nitasimama kanisani nikukatalie."

"Mama Sifa, mpaka lini?"

"Mpaka Mungu aniambie mwenyewe. Wewe hajakutuma kwangu."

Wateja walikuwa wameshakula, amebaki mmoja, mchuuzi wa dagaa kutoka vijiji vya kusini, anaitwa Kasimu, mara yake ya kwanza kula pale, aliyekuwa ameanza tu kumega tonge. Faida akajipakulia, akaketi. Akaweka mikono miwili kichwani, akafumba macho.

Nikamwona Kasimu anaacha kutafuna. Akamtazama Faida mpaka akamaliza. Kisha akasukuma sahani pembeni.

"Mama," akauliza, "hiyo mikono, ni desturi ya kanisa lenu?"

"Hapana kaka. Ni desturi ya nyumba yangu tu."

"Hakuna wengine wanaofanya?"

"Hakuna. Nilibuni mwenyewe kwa ajili ya mtoto."

Yule mtu akainama. Nikadhani anaumwa. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Dada yangu ana mtoto wa kike nyumbani kwake. Aliokotwa ziwani. Hali chakula mpaka afanye hivyo."

Ndugu zangu! Faida hakupiga kelele, hakulia. Aliufunika moto kwa majivu, akafunga kitenge vizuri, akamwambia, "Twende."

Baadaye sana ndipo nilipojua kwa nini Kasimu aliinama vile. Dada yake, Bi Mwajuma, alikuwa amezika watoto wake wote wakiwa wachanga. Yule mtoto wa ziwani ndiye aliyemrudishia kicheko. Kasimu alijua kwamba akifungua mdomo anamvunja dada yake wa tumbo moja. Angemaliza ugali wake akaondoka, nani angejua? Hakuna! Lakini alifungua mdomo. Nani alimpa nguvu hiyo? Niambieni, kama si Mungu ni nani?

Jumapili ile kanisani hapakuwa na tangazo wala mchungaji. Tulikuwa ziwani, tunakwenda kusini.

Tulifika kijijini jua likiwa juu. Ni kijiji cha wavuvi, dagaa wameanikwa mchangani, vilima viko nyuma yake. Bi Mwajuma alikuwa anageuza dagaa kwa ufagio. Alimwona kaka yake, akatuona sisi, akamwona Faida. Hakuna aliyemwambia neno. Ufagio ulimtoka mkononi, akaketi palepale mchangani.

"Mmefika," akasema. "Nilijua mtakuja."

Faida akaketi mbele yake, goti kwa goti, akamshika mikono. Wakalia pamoja kabla hata ya kusalimiana.

Mumewe, Mzee Hamisi, ndiye aliyetusimulia. Siku ya ule upepo walimwona mwanamke ameshikilia ubao, anasukumwa na mawimbi kuja ufukoni, mtoto kafungwa mgongoni, juu, nje ya maji. Wakaingia kumtoa. Zawadi alikuwa hai, lakini alikuwa amekunywa maji mengi, hakuweza kusema hata jina. Alimtazama Bi Mwajuma, akafungua fundo la kitenge kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi mtoto. Jua halikuzama akiwa hai.

"Tulimwosha, tukamzika kwa heshima," Mzee Hamisi akasema. "Dini yake hatukuijua. Njoo uone, Mchungaji."

Akatupeleka nyuma ya nyumba, penye kivuli cha michikichi. Kaburi limefagiwa, mawe yamepangwa pembeni. Na kichwani pamesimama msalaba wa mbao, umechongwa vizuri kabisa.

Nikamuuliza, "Mzee, huu msalaba nani aliuweka?"

"Mimi. Yule mtoto alipoanza kula kwetu, akawa anaweka mikono kichwani. Mke wangu akadhani anaomboleza. Akamwambia, shusha mikono mwanangu, utatuletea mkosi. Mtoto akakataa, akanong'ona maneno yake, mwisho tukamsikia anasema 'kwa jina la Yesu, amina.' Ndipo nikajua tumemzika dada wa Kikristo bila alama yake. Nikachonga."

Ndugu zangu, mimi nimesoma Biblia tangu ujana. Nimehubiri juu ya Msamaria hata siwezi kuhesabu. Lakini siku ile, mbele ya msalaba uliochongwa na Mwislamu kwa sababu ya sala ya mtoto mdogo, nilivua viatu. Hakuna aliyeniambia nivue. Miguu yenyewe iliona aibu kukanyaga pale na viatu.

Faida alijilaza juu ya kaburi la mdogo wake, akamwita jina lake. Tukamwacha.

Sasa, mtoto. Sifa alikuja mbio kutoka ziwani na wenzake, amelowa, amekua, miguu mirefu. Faida akafungua mikono. Mtoto akasimama. Akamtazama kama anavyotazamwa mgeni yeyote, kisha akakimbilia nyuma ya Bi Mwajuma akaushika mkono wake kwa nguvu. "Mama, hawa ni nani?" Na aliyemwita mama hakuwa mke wangu.

Nilihisi kisu. Nilitaka kusema, huyu ni wetu, tumchukue, twende. Bi Mwajuma mwenyewe alikuwa ameshaingia ndani kufunga vinguo vya mtoto, huku machozi yanadondokea kwenye fundo. Faida akamfuata, akamshika mkono.

"Fungua hizo nguo, dada. Siondoki naye leo. Wewe umemzaa mara ya pili. Nipe mahali pa kulala, mtoto anizoee."

Tukakaa. Faida akaenda kuchota maji na Bi Mwajuma, akaanika dagaa naye, wakapika jiko moja. Mimi nilitoka kuvua na Mzee Hamisi. Yeye alipokwenda kuswali, nami nilikaa mchangani nikaomba, na maombi yalirudi, ndugu zangu! Yalirudi kama maji ya mvua kwenye korongo kavu. Sifa alikuwa anatuchungulia kwa mbali, hasogei.

Siku moja mchana tuliketi wote kula kwenye mkeka. Bi Mwajuma akasema bismillahi. Sifa akapandisha mikono yake kichwani, akafumba macho. Faida naye akapandisha yake. Mtoto alipofumbua aliona, akabaki ameduwaa, mikono ingali juu. Akamgeukia Bi Mwajuma.

"Mama! Na huyu mama anajua!"

Nilimwona Bi Mwajuma anavyopigana na moyo wake. Kisha akasema kwa sauti ya wazi, "Ndiyo mwanangu. Yeye ndiye aliyekufundisha. Nilikuacha uendelee kwa sababu nilijua kuna mtu alikufundisha, na mtu huyo atakuja kukuulizia. Nenda ukae naye."

Sifa akainuka na sahani yake. Akazunguka mkeka, akaketi ubavuni kwa Faida, akaegemea paja lake, akala. Faida hakula. Aliweka mkono wake mmoja juu ya mgongo wa mtoto.

Tulirudi Kigoma wanne: mimi, Faida, Sifa na Bi Mwajuma, maana Faida alikataa kupanda boti bila yeye. Alikaa kwetu Gungu mpaka mtoto alipoacha kuamka akimtafuta. Shangazi, yule aliyetaka matanga, ndiye aliyempikia siku ya kuondoka, akalia kuliko wote. Tangu hapo kila likizo ya shule Sifa alikwenda kusini kwa mama yake, na kila Idi tulikwenda wote, na Krismasi wao walikuja kwetu. Mzee Hamisi alipofariki, Sifa alilia kama binti wa marehemu, na ndivyo alivyokuwa.

Ndugu zangu, sitaki kuwadanganya. Zawadi hakurudi. Watu wengi wa boti ile hawakurudi, na wengine humu ndani mnawangoja wenu hadi leo. Siwezi kuwaambia kwamba kila anayengojwa atakuja. Ningekuwa mwongo madhabahuni. Kwa nini Mungu aliushika mkono wa mmoja na kumwacha mwingine azame, sijui. Nikifika kwake nitamuuliza. Lakini nililoliona nimeliona: kwamba mahali ambapo mimi sikuweza kufika, yeye alikuwa ameshafika. Nilipokuwa siwezi kuomba, alikuwa anaombwa na mtoto asiyejua kusoma, ndani ya nyumba ya watu wanaosali kwa namna nyingine, na watu hao wakamlindia sala yake.

Tazameni pale mlangoni. Yule mama mwenye ushungi wa kijani, anayempakata mtoto mchanga, ndiye Bi Mwajuma. Alifika juzi na boti kumwona mjukuu, kwa sababu Sifa wetu amejifungua. Na yule anayetaka kumpokea mtoto naye hapewi ni mke wangu Faida. Wanabishana tangu asubuhi ni zamu ya nani!

Asante, Baba wa mbinguni. Asante kwa Zawadi aliyelifungua lile fundo. Asante kwa Kasimu aliyefungua mdomo. Na wewe uliyekuja leo umechoka, umeona watu wote wanakuambia umalize matanga, njoo mbele hapa. Sina dawa ya kukupa. Nitakushika mkono tu, tumwite pamoja yule ambaye ziwa halimzuii kufika. Mtumainini, ndugu zangu! Njooni.