Verna Renner na Juzuu Kumi na Nne Alizozitawanya

Padri, ndugu, majirani, na ninyi wakutubi mliosafiri kutoka Columbus na kwingineko: mimi ni Paulette Hudak, binti wa kaka yake marehemu. Shangazi alinipa kazi hii mwenyewe, akiwa kitandani, na alinipa pamoja na onyo. "Paulette, ukisimama pale ukasema nilikuwa mtu mwema niliyependa vitabu, halafu ukakaa, nitajua." Alitaka kosa lake lisomwe kwa sauti, tena mama yangu akisikia. La kwanza naliweza. La pili halikuwa mikononi mwangu, maana mama yangu na wifi yake hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na minne.

Verna Marie Hudak alizaliwa tarehe 11 Februari 1948 hapa Tilden Ferry, Ohio, mtoto wa pili na wa mwisho wa Stefan na Anna Hudak. Baba yake alichoma sahani za udongo kwenye tanuri la kiwanda kule chini mtoni. Kaka yake Emil, ambaye ndiye baba yangu, alimtangulia kwa miaka minne, naye akaingia kiwanda hichohicho alipotimiza miaka kumi na minane. Walirudi nyumbani nyusi nyeupe kama waliopakwa unga, na Bibi Anna aliwavua makoti barazani kabla hawajagusa kiti. Kuyakung'uta makoti ilikuwa kazi ya Verna. Hakuna aliyelifikiria vumbi lile. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa nalo.

Alisoma shule ya parokia hii, iliyokuwa pale mlipoegesha magari leo, kisha sekondari ya mji, akamaliza mwaka 1966. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kwenda chuo. Alipata digrii yake ya kwanza mwaka 1970 na ya ukutubi mwaka 1972. Wenzake Babu Stefan walimuuliza kiwandani binti yake anasomea nini.

"Kupanga vitabu," akajibu.

"Miaka sita, Stefan?"

"Ni vingi."

Septemba 1972 aliajiriwa katika maktaba ya Chuo cha Ashgrove, maili kumi na moja kutoka hapa, kwenye chumba cha uorodheshaji, na humo akakaa miaka arobaini na mmoja. Wakutubi mliopo mnaijua kazi hiyo. Wengine nivumilieni kidogo, maana bila hili hamtaelewa kilichotupata. Ashgrove ilikuwa ndani ya ushirika wa maktaba arobaini na tatu. Kanuni yao ilikuwa moja: maktaba ya kwanza kupokea kitabu ndiyo inayokiandikia maelezo, na nyingine zote zinanakili. Hakuna anayerudia kazi ya mwenzake. Na vitabu vinapotoka kwa mfululizo, juzuu ya kwanza, ya pili na kuendelea, yule wa kwanza huamua pia kama juzuu zitakaa pamoja rafuni au zitatawanywa kila moja kwa mada yake, na kama msomaji ataweza kuzitafuta kwa jina la mfululizo. Uamuzi huo huandikwa kwenye kadi ndogo, chini yake herufi za jina la mwamuzi. Ukishaandikwa, maktaba arobaini na tatu zinaufuata, na aghalabu hakuna anayeufungua tena.

Jumamosi tarehe 19 Juni 1976 aliolewa na Clyde Renner, fundi wa mabasi ya shule, hapahapa kanisani. Kina mama wa parokia walioka biskuti kwa wiki mbili, kama ilivyo desturi yetu, na meza ya biskuti ikajaa ukumbi. Bibi harusi aliingia, akaitazama, akavua glavu. Akaanza kupanga sahani upya kwa majina ya waliooka, kuanzia A. Bibi Zelenka, ambaye jina lake lilimtupa nyuma ya mashine ya kahawa, alimfokea mbele ya wageni: "Wewe Verna, umekuja kuolewa au kutuhesabu?" Clyde alicheka mpaka akashikilia nguzo. Waliishi pamoja vizuri miaka thelathini na mitatu, wakapata mtoto mmoja, Dale. Clyde alifariki tarehe 2 Mei 2009.

Sasa nafika pale alipotaka nifike.

Tarehe 14 Machi 1978 kililetwa mezani kwake kigari cha vijitabu vya jalada la kijivu, juzuu kumi na nne, vilivyotolewa na taasisi ya utafiti wa afya ya wafanyakazi ambayo wakati huo ilikuwa imeshafungwa. Vilikuwa vyembamba, vya karatasi duni. Mkuu wake, marehemu Orrin Kessler, alipita akasema, "Verna, hivyo vitakula rafu bure. Vitawanye." Shangazi alikuwa na uwezo wa kukataa, uamuzi ulikuwa wake, na Kessler alikuwa mtu wa kusikia. Hakukataa. Aliandika kadi: juzuu zitawanywe, jina la mfululizo lisiingizwe. Akatia herufi zake. Shangazi aliniambia hakutumia hata dakika mbili.

Juzuu ya tisa ilikuwa na kichwa kisichosema kitu: Vipimo vya Hewa katika Majengo Matatu. Haikutaja mji wala kiwanda. Majengo yale matatu yalikuwa ya kiwanda chetu, na vipimo vilifanywa mwaka 1958.

Mwaka 1993 familia kumi na tisa za Tilden Ferry, yetu ikiwemo, zilikishtaki kiwanda, kila moja kwa mwanamume mmoja aliyeharibiwa mapafu na vumbi. Baba alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuweza kupanda ngazi za nyumba yake. Kiwanda kilijibu kwamba zamani zile hakuna aliyejua kuwa vumbi linaua. Msaidizi wa wakili wetu, mwanamke aitwaye Joyce Tolan, alikuta katika makala fulani ya zamani jina la mfululizo ule, bila namba wala kichwa cha juzuu. Akaendesha gari hadi Ashgrove kuuliza. Aliyekuwa zamu kwenye meza ya maulizo siku hiyo alikuwa shangazi yangu. Alitafuta kwa jina la mfululizo, akatafuta tena, akapiga simu maktaba nyingine mbili za ushirika. Kote jibu lilikuwa moja, kwa sababu kote walikuwa wamenakili kutoka kwake. Akamwambia Bi. Tolan, "Pole sana, mama. Kitu kama hicho hakimo." Aliiamini katalogi. Uamuzi ule alikuwa ameshausahau, kama maelfu ya mengine.

Kesi tulishindwa Oktoba 1994. Baba alifariki tarehe 23 Januari 1996, akiwa na miaka hamsini na mmoja, ameketi kitini kwa kuwa kulala alikuwa hawezi.

Machi 1998 maktaba ilikuwa ikitupa masanduku ya kadi za zamani baada ya kila kitu kuingizwa kwenye kompyuta. Shangazi alizipitia kwanza, moja moja, kama kawaida yake, na ndipo akaikuta kadi ile yenye mwandiko wake. Aliinuka, akaenda rafuni, akaitoa juzuu ya tisa. Miaka ishirini ilikuwa imekaa pale na haikuwahi kuazimwa hata mara moja. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema vumbi lilikuwa mara tisa ya kiwango cha hatari, na kwamba nakala ilikabidhiwa kwa uongozi wa kiwanda mwaka uleule wa 1958.

Alikuwa peke yake chumbani. Kadi ile ilikuwa inakwenda jalalani mchana huohuo.

Jumamosi tarehe 4 Aprili mama na mimi tulikuwa jikoni tunakunja pirohi, chapati ndogo za kujazwa viazi, kwa ajili ya Wiki Kuu. Shangazi aliingia na koti lake, hakulivua.

"Kaa, wifi, maji yanachemka," mama akasema.

"Sikai, Dolores. Nimeleta kitu."

Mama alifuta mikono, akasoma kadi, akasoma ukurasa, akarudi kwenye kadi. "VMR ni nani?"

"Ni mimi."

"Na yule mwanamke wa wakili alipokuja kwako?"

"Nilitazama katalogi. Haikuwemo."

"Haikuwemo kwa sababu hukuiweka."

"Ndiyo."

"Emil alikaa kwenye kiti hicho anakoholea taulo, wewe unamletea supu. Unamletea supu, Verna! Na karatasi yake umeikalia!"

"Sikukumbuka, Dolores. Naapa sikukumbuka."

"Kazi yako yote ni kukumbuka!"

Mama akafungua mlango na kuushikilia mpaka shangazi akatoka. Neno wifi sikulisikia tena kinywani mwake. Na mimi nisijifanye mtakatifu hapa: mwaka mzima sikupokea simu za shangazi.

Wakili aliomba kesi ifunguliwe. Ilikataliwa. Hakimu alisema juzuu ile ilikuwa kwenye rafu iliyo wazi kwa umma tangu 1978, na kitabu kilicho rafuni hakiwezi kuitwa ushahidi uliofichika. Wakati huo kati ya wale wanaume kumi na tisa, waliobaki hai walikuwa wanane. Leo hayupo hata mmoja.

Shangazi aliirekebisha rekodi siku ileile aliyoikuta kadi. Juzuu zote kumi na nne zikapata jina lao, maktaba zote arobaini na tatu zikaliona kabla ya jioni. Kama kuna mtu aliwahi kuutafuta mfululizo ule baada ya hapo, hatujui.

Mwaka 2006 ushirika uliitisha mkutano Columbus kupiga kura ya kuacha kufuatilia mifululizo, ili kuokoa muda wa wafanyakazi. Baadhi yenu mlikuwepo. Mwenyekiti alimwambia kwa upole, "Verna, kompyuta sasa inatafuta kila neno." Shangazi alisimama. "Kompyuta inatafuta kilichoandikwa," akasema. "Mimi sikuandika." Kisha akawasimulia yote, jina la kaka yake, ukurasa wa thelathini na moja, kila kitu, akakaa. Walipiga kura. Maktaba thelathini na nane zilikubali kuacha, tano zikakataa. Alirudi Ashgrove akaendelea peke yake. Alistaafu tarehe 30 Juni 2013, akarudi Jumatatu iliyofuata kujitolea, na mpaka afya ilipomshinda alikuwa ameshaunganisha mifululizo elfu mbili na mia moja. Dale alimwambia mara nyingi, "Mama, pumzika, umeshalipa." Alikasirika kila mara. Alisema hicho hakilipiki, yeye anafanya kazi tu.

Agosti 2021 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alitibiwa miezi kumi, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Katika wiki zake za mwisho aliniuliza kila siku kama nimemwambia mama aje. Nilikuwa nimemwambia. Kila siku nilimjibu kwamba mama anafikiria, na kila siku alinitazama akajua. Alifariki Jumanne tarehe 8 Novemba 2022, saa nne na robo asubuhi, Dale akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili. Mama hakuja.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Dale Renner, na mkewe Sherri. Wajukuu wawili, Kaitlyn na Brett. Na mimi, mtoto wa kaka yake.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo, kwa kuwa zilichapwa Alhamisi. Kinachofuata nimekiandika kwa kalamu saa moja iliyopita.

Asubuhi hii nilimkuta mama amevaa nguo nyeusi, mkoba magotini. Akaingia garini. Tulipofika nikamfungulia mlango wa gari, akatikisa kichwa. "Mimi siingii," akasema. "Emil angekuwa na miaka sabini na minane. Siwezi kuingia mle nikamwimbia." Nikamwambia sawa, mama. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka aliponiita kupitia dirishani.

"Wale wa kiwanda walijua," akasema, "na miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyekuja jikoni kwangu. Huyu alikuja. Angeitupa kadi ile nisingejua mpaka nafukiwa." Akapandisha kioo nusu. "Nenda kasome jina langu. Liweke na ya familia."

Marehemu ameacha pia wifi yake, Dolores Hudak, aliyekaa kwenye gari hapo nje.

Verna Marie Renner, pumzika sasa, kwa amani.