Aliyetoa Mbegu Aonje Kwanza

Benchi letu la hapa Gungu, mtaa wa Kigoma mjini, liko nje ya kibanda changu cha kushonea viatu, na wanaolikalia hawajawahi kuniletea hata ndala moja ya kushona. Kila asubuhi wapo. Redio, ambaye kwao anaitwa Wilfred, anatengeneza simu na anajua habari kabla hazijatokea. Waziri ni mzee Polycarp. Alibeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukagoma, na kwa maelezo yake hakuna jambo jema lililotokea Kigoma bila mkono wake. Mgeni ni Thobias, mtumishi aliyehamishiwa hapa kutoka Njombe. Ameoa hapa, amezaa hapa, bado tunamwita Mgeni. Bi Ziada anauza kahawa ya tangawizi na anatuvumilia wote. Asubuhi ninayoisimulia Nanenane ilikuwa imepita juzi tu, na Redio alikuja mbio, kandambili moja mkononi.

Redio: Jamani, tumechukua! Kitaifa!

Mgeni: Mpira?

Redio: Mpira gani? Maharage! Kikundi cha akina mama wa Nyarubimba, kule milimani. Maharage bora Tanzania nzima. Mbeya wamekaa, Njombe wamekaa.

Waziri: Njombe nao? Mgeni, pole sana baba.

Mgeni: Sina msiba mimi. Wanangu wamekuzwa na maharage ya huku. Leo niiteni Muha, mwenyeji wa huku.

Bi Ziada akapiga kigelegele, birika mkononi. Mimi niliacha sindano ndani ya soli. Nilifurahi kweli, sifichi. Sisi watu wa mwisho wa reli tumezoea kusikia mikoa ya wenzetu ikitajwa, wetu unatajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa tu.

Redio: Sasa siri yao ni nini?

Waziri: Siri ni ziwa. Dagaa wakianikwa pale ufukweni Bangwe, harufu inapanda na upepo mpaka milimani, inaingia kwenye mawingu. Kule juu hainyeshi mvua, inanyesha supu.

Mgeni: Supu ya dagaa?

Waziri: Haswaa. Haragwe linazaliwa na kitoweo chake.

Redio: Hapana mzee wangu. Ni treni. Treni ikiingia hapa ardhi inatetemeka, udongo unalegea. Wenzetu wanahangaika na trekta, sisi tunalimiwa na behewa.

Mgeni: Nyarubimba hakuna reli!

Redio: Mtetemo unasafiri, kaka. Ungekuwa umesoma umeme ungenielewa.

Mgeni: Mimi nasema ni baridi. Baridi ya kule ni ya kiasi, haragwe linajikunja, utamu unabaki ndani. Njombe baridi imezidi, haragwe linapigwa ganzi, halina hata hamu ya kuiva.

Waziri: Na nani aliwafundisha wale mama kupanda kwa mstari?

Mimi: Waziri, wewe jembe umelishika lini?

Waziri: Majembe ya mkoa huu yote yamepita kwenye bega hili. Bega hili ndilo lililoshinda, ila sitaki makuu.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bi Ziada peke yake hakucheka.

Bi Ziada: Chekeni tu. Wale wenzenu wanainama toka alfajiri, mgongo unawaka, mtoto kafungwa nyuma. Mwaka ule bei zilipopanda, wanangu walilala wameshiba kwa maharage yao. Ningewaona ningewapigia magoti. Mungu awape afya.

Tukasema amina, na safari hii hakuna aliyesema kwa utani.

Mara bodaboda ikasimama, akashuka mama mmoja wa makamo, kitenge kipya, kindoo chenye mfuniko mkononi.

Mama: Amahoro, amani kwenu, wazee wangu. Shikamooni.

Waziri: Marahaba, mama. Karibu kahawa.

Mama: Asante. Naitwa Révérienne. Natoka Nyarubimba.

Redio: Nyarubimba ya maharage?

Révérienne: Hiyo hiyo. Tumerudi jana kutoka kwenye maonyesho.

Tukampa mikono, mkono juu ya mkono. Mgeni alimpongeza kwa niaba ya Njombe. Bi Ziada alimkumbatia, kikombe kikiwa bado mkononi. Waziri akampisha kwenye benchi, jambo ambalo sijawahi kuliona, na mama yule akakaa, kindoo mapajani.

Révérienne: Mmenipokea vizuri, Mungu awabariki. Ila nimeletwa na swali. Mwaka ule wa mvua ya mawe shamba letu lilisagika lote, hata mbegu hatukubaki nayo. Nilikuja mjini kwa ndugu, nikakuta amehama. Nikakaa hapa hapa, nikajifunika kitenge usoni, nikalia. Kuna mtu akaniwekea kopo la maharage mapajani, mekundu yenye madoa meupe. Akasema, "Kapande." Nilipojifunua, ameshaenda. Benchi lilikuwa na watu, njia ilikuwa na watu, nikaona haya kuuliza. Maharage yaliyoshinda, haya ya ndani ya kindoo, yametoka kwenye kopo lile. Ni nani kati yenu aliyenipa?

Benchi ambalo lina jibu la kila kitu, kuanzia mawingu mpaka reli, likaanza kutazamana.

Mgeni: Sauti ilikuwa ya mwanamume au mwanamke?

Révérienne: Nilikuwa nalia, kaka. Sikuishika.

Bi Ziada: Na kwa nini unamtafuta leo, mama?

Révérienne: Kwa desturi ya kwao mama yangu, aliyekupa mbegu ndiye anayeonja kwanza. Wenzangu wa kikundi wanayala, wanayauza. Mimi na mama hatujayaonja. Amezeeka sana sasa. Kila mavuno ananiuliza, "Umempata?" Anataka kuyaonja kabla hajaondoka.

Redio akamsogelea Waziri sikioni, lakini Redio hajui kunong'ona.

Redio: Sema ni wewe, mzee. Bibi wa watu ale.

Waziri akafungua mdomo. Nimekaa naye miaka mingi, najua uso wake uongo unapokaribia kutoka. Akakiangalia kile kindoo. Akafunga mdomo, akavua kofia.

Waziri: Mama, kwenye benchi hili nimedai mengi. Hili siwezi. Si mimi. Natamani sana ningekuwa mimi.

Machozi yalimlenga, na hakuna aliyemtania. Mgeni akatikisa kichwa, Redio akatikisa, nami nikatikisa. Révérienne akaanza kuinuka, taratibu. Bi Ziada akaipua birika.

Bi Ziada: Kahawa imekwisha.

Redio: Birika si limejaa?

Bi Ziada: Nimesema imekwisha, nataka jiko. Mama, leta maharage. Kama si wa benchi hili ni wa njia hii. Tutaionjesha njia nzima.

Maharage mapya hayachelewi kuiva. Jua lilipofika utosini sufuria ilikuwa inanukia hadi ng'ambo ya barabara. Waziri akasimama katikati ya njia kama trafiki, anasimamisha bodaboda: "Zima pikipiki, onja!" Wakaonja madereva, wakaonja walimu wanaokwenda chakula cha mchana, akaonja mwuza migebuka, beseni la samaki kichwani. Kila mmoja kijiko kimoja, na kila mmoja Révérienne alimshika kwa mikono miwili akamwambia asante. Wengine waliuliza asante ya nini. Mgeni aliwajibu, "Pokea tu, ndugu." Nilionja na mimi. Ni matamu, laini, na yana chumvi ya kutosha.

Bi Ziada alipokwangua kijiko cha mwisho, alimpa utingo wa lori asiyejua lolote. Kisha Redio akatoa simu, Révérienne akamtajia namba ya nyumbani kwao, naye akapiga na kuweka sauti ya juu bila kuombwa. Tukasikia sauti ya kikongwe, nyembamba, ikiuliza swali lile lile la kila mavuno.

Révérienne: Ndiyo, mama. Ameonja.

Kikongwe akauliza ni nani. Révérienne akatutazama, akaitazama barabara na watu wake wanaojifuta midomo.

Révérienne: Ni Gungu, mama. Teka ibiharage. Pika maharage, tule.