Kichina cha Nelson wa Rhotia

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili ya Land Cruiser, mbele ya fundi pancha, pale Karatu barabara inapoanza kupanda kwenda lango la Ngorongoro. Kila asubuhi hukutana hapo watu wasioridhika na kitu. Ukiwaletea habari njema wataitafutia doa, na doa likikosekana watalipaka wenyewe. Mwalimu Patrisi, mstaafu, anaitwa Kamusi, kwa kuwa hakuna asilolijua na hakuna alilowahi kulithibitisha. Simon, dereva wa watalii, anaitwa Darubini, maana huona mambo ambayo wageni wake hawakuyaona wakiwa gari moja. Lekishon, mfugaji aliyeteremka kuja kulinda hoteli, anaitwa Sime. Wilibrodi muuza kahawa hana jina la utani, kwani ndiye anayewabandika wenzake. Na asubuhi hiyo ya siku ya mnada, aliyekuwa kwenye kiti moto ni Nelson wa kijiji jirani cha Rhotia, ambaye tangu Jumamosi walikuwa wakimwita Shanghai.

Kosa lake lilijulikana mji mzima. Jumamosi mchana banda la video la Felista lilionyesha filamu ya Kichina, ya kuchekesha, ya watu wanaoyawinda majini. Iliingia kwenye flashi ikiwa Kichina kitupu, bila hata maandishi chini. Nelson ndiye aliyeingiza sauti ya Kiswahili juu yake, kama wafanyavyo ma-DJ wa Dar: mtu mmoja anasema maneno ya mwindaji, ya jini, ya mfalme na ya bibi kizee. Felista alikuwa amemwambia waziwazi. Akisikia watu wanamwamini, atampa filamu nyingine kila wiki. Akisikia anaitwa mwongo, atarudi kwenye sauti za Dar. Nelson alikuwa hajawa mtu wa maana machoni pa mtu yeyote tangu kazi ya barabara ilipoisha na Wachina wakafungasha mitambo yao. Kipaza sauti kilimfanya mtu. Ndiyo maana alikuja kijiweni badala ya kujificha.

— Shanghai, — Mwalimu Patrisi alianza, akipuliza kikombe chake. — Nisaidie mimi mjinga. Lile jini kubwa, lile kuku refu kama mnara wa simu, lilipotokea mlimani lilisema nini?

— Lilisema, "Nani kaingia kwangu?"

— Hukusema hivyo. Ulisema, "Nani kaingia kwangu Oldeani?"

Benchi zima likacheka. Nelson naye akatabasamu kidogo, akitumaini mambo yataishia hapo.

— Ni tafsiri, mwalimu. Ule mlima jina lake Watanzania hawalijui; Oldeani wanauona kila siku.

— Na mwindaji kumsalimia jini "saita"? Mchina anasalimia Kiiraqw?

— Nilitaka watu wa huku wajisikie nyumbani.

— Wajisikie nyumbani na jini! — alisema Simon. — Mimi nimebeba Wachina miaka sita. Nawapeleka kreta, nawarudisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia saita.

— Wanakuambia nini? — Wilibrodi aliuliza.

— Wananiambia simba yuko wapi.

— Kwa Kichina?

— Kwa kidole.

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Simon, na Nelson akapata pumzi. Lakini alijua kwamba Simon si mtu wa kuachia. Dereva yule angeweza kukubali kufukuzwa kazi kuliko kukubali kwamba kijana wa zege anajua jambo la wageni kuliko yeye.

— Haya, tuache mimi, — Simon alisema. — Tumuulize Sime. Sime, wewe ndiye mtaalamu wa kuwinda hapa. Yule ni mwindaji?

Lekishon alikuwa amekunja shuka lake magotini. Alitema mate pembeni kwanza.

— Yule ni kichekesho. Anatembea anapiga kelele kama mtu wa harusi. Upepo unatoka mgongoni kwake, unapeleka harufu yake yote kwa jini, yeye anaimba! Sisi tungemchapa huyo hata kabla hajatoka bomani.

— Ni filamu ya kuchekesha, bwana Lekishon, — Nelson alisema.

— Haikunichekesha. Na kumfukuzia mnyama kwenye chungu cha kabichi ni kuwinda? Jini kubwa hivyo linaingia kwenye chungu, kinafunikwa na kifuniko, imekwisha. Aibu. Angekuwa na rika lake wangemnyang'anya mkuki.

— Hakuwa na mkuki, alikuwa na mwiko.

— Ndiyo nasema!

Mwalimu Patrisi akakohoa kile kikohozi chake cha kuanza somo. Kila aliyekaa pale alikijua, na Wilibrodi akawahi kumwongezea kahawa ili somo lisikaukie njiani.

— Nyie mnaangalia kwa macho tu. Hamjajiuliza kwa nini nchi kubwa yenye viwanda inatumia fedha yote ile kutengeneza kuku wa uongo. Yale majini si ya uongo. Wanayo. Yamewazidi. Sasa wanayakamata, wanayafunga kwenye vyungu, na vyungu vile lazima viende mahali.

— Viende wapi, mwalimu?

— Nani analeta vyungu na makopo na mabomba katika nchi hii? Binamu yangu analima vitunguu Mang'ola. Amenunua pampu mpya ya Kichina, nzuri, inang'aa. Kila siku saa sita juu ya alama inazima. Fundi anakuja, anafungua, haina ugonjwa. Anafunga, inawaka. Kesho saa sita, kimya. Elezeni hilo.

— Haina mafuta, — Wilibrodi alisema.

— Mafuta yamo!

— Basi kuna kuku ndani, — Simon alisema. Akaona ametupiwa mpira, akaupiga. — Mimi yule kuku nimemwona. Msicheke. Mwaka jana, kiangazi, tunateremka kreta, ukungu umekaa chini. Nikaona kitu kimesimama ng'ambo ya ziwa. Miguu miwili, mirefu. Nikasema huyu mbuni. Mbuni hana upanga kichwani, jamani. Mgeni wangu akapiga picha.

— Picha iko wapi?

— Ameondoka nayo. Unafikiri filamu ile wameipata wapi?

Nelson alisikiliza huku hasira ikimpanda taratibu. Hawa wazee walikuwa wanadanganya mchana kweupe, bila hata kupepesa, na hakuna aliyewaambia walete ushahidi. Yeye aliyekaa na ile filamu akairudia mara sita, akishika kila neno alilolifahamu, ndiye aliyeitwa mwongo. Akakosea hapo. Badala ya kuacha wazee wauane wenyewe kwa kuku wao, akafungua mdomo.

— Angalau mimi Kichina nakijua.

Mwalimu Patrisi aliweka kikombe chini polepole, kwa raha, kama mtu aliyeletewa nyama ya kuchoma bila kuagiza.

— Unakijua.

— Nimefanya kazi na Wachina miaka miwili.

— Kwenye zege.

— Kwenye zege ndiyo, lakini watu wanaongea kwenye zege!

— Wanaongea nini? Hebu tupe.

— Kuhesabu mpaka kumi. Maji. Haraka. Chakula. Leta. Bado. Si hivyo. Wewe mvivu...

— Endelea, — alisema Simon. — Filamu ilikuwa ya saa mbili. Mpaka sasa umetufikisha dakika ya kwanza.

— Yako mengine.

— Kwa hiyo lile jini lilipotoa hotuba ndefu mbele ya mfalme, lilikuwa linasema "leta maji haraka wewe mvivu"?

Lekishon alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi pancha, aliyekuwa akisikiliza huku akipapasa mpira ndani ya beseni la maji, aliacha kutafuta tundu. Nelson alihisi uso wake unachemka. Ilimuuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Yale maneno aliyoyafahamu yangeenea kwenye kiganja. Mengine yote aliyasoma kwenye nyuso: huyu amekasirika, huyu anaomba, huyu anadanganya. Kisha akawatilia maneno ya watu aliowajua, wa mnadani, wa kanisani, wa mitaani.

— Kiri tu, mdogo wangu, — Simon alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kirafiki, jambo lililoudhi zaidi. — Sema, "Wazee, Kichina sijui, nilibuni." Tutakucheka leo, kesho tumesahau. Ila Felista lazima ajue. Watu wanalipa kiingilio wakidhani wanasikia ya Wachina, kumbe wanasikia ya Rhotia.

— Kila neno nililosema limo mle, — Nelson alisema.

— Kila neno?

— Kila neno!

Hapo ndipo mama mmoja alipowafikia. Alikuwa amesimama kitambo upande wa pili wa barabara na mbuzi wake mmoja aliyebaki, shanga zake zikiwa zimejaa vumbi la mnada. Akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya fundi pancha bila kuomba ruhusa. Lekishon alisimama mara moja, akamsalimu Kimasai.

— Yeyo, takwenya.

— Iko. Mimi Nareyu, natoka juu huko. Nimeambiwa yule kijana anayesema kwenye video anakaa hapa.

Vidole vitatu vilimwonyesha Nelson kwa furaha.

— Ni mimi, mama. Shikamoo.

— Marahaba, baba. Sauti yako ndiyo hii hii. — Alimtazama kwa makini, kisha akakaa kwenye ncha ya ubao, na Mwalimu Patrisi akalazimika kusogea. — Jumamosi niliingia kwenye banda kukwepa mvua tu. Sikujua ni mambo ya majini, ningebaki nje. Nilicheka. Halafu mwisho, yule kuku akageuka mwanamke.

— Ndiyo, mama.

— Yuko ndani ya chungu, wanataka kufunika. Kijana mmoja amesimama. Yule mwanamke akamwambia, "Mwanangu, nilikufukuza kwa sababu mimi niliona aibu. Wewe hukukosa kitu."

Alikumbuka mahali penyewe. Mwanamke yule alisema maneno mengi, laini, ya haraka, na Nelson hakufahamu hata moja. Hakukuwa na maji pale, wala chakula, wala leta. Akautazama uso wake, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasema yaliyomjia. Alijua yalikotoka, na hayakutoka China. Yalikuwa maneno ambayo mama yake mwenyewe, pale Rhotia, hajawahi kumwambia.

— Mimi nina binti Arusha, — Nareyu aliendelea. — Nilimfukuza. Mwaka wa nne huu, sijamtafuta. Jumamosi nikatoka pale, nikaazima simu, nikamwambia maneno yale yale, sikuongeza. Akaniuliza, nani amekutuma, mchungaji? Wazee? Maana kila siku wanatumwa watu kwake na maneno ya kupangwa. Nikamwambia hapana, hakuna mtu aliyenipangia. Nimemsikia mama mwenzangu, wa mbali, aliyefanya kosa kama langu, akamwambia mwanawe. Akasema atakuja; anafika kesho. Lakini usiku wa jana sikulala. Nimekuja nikuulize wewe uliyemsikia kwa lugha yake, nisije nikamdanganya mtoto tena.

Akaweka mkono juu ya goti la Nelson.

— Yule mama aliyasema kweli?

Simon alikuwa na kikombe njiani kuelekea mdomoni. Hakikufika. Lekishon aliangalia chini, akaanza kulikunjua na kulikunja upya shuka lake. Mwalimu Patrisi, ambaye miaka thelathini hakupata kukosa jibu mbele ya darasa, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Asubuhi nzima walikuwa wamemkaba Nelson akiri. Sasa walimtazama wote kwa pamoja, na hofu usoni, wakiomba asifungue mdomo.

Nareyu aliwapitia mmoja mmoja kwa macho.

— Mbona wanaume mmenyamaza? Nimeuliza kitu kigumu?