Bi Tena, Mwongozaji Aliyekataa Wimbo

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika ukumbi wetu wa michezo ya jukwaani, Bi Tena anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Tangazo lililobandikwa kwenye lango la wafanyakazi linasema anaondoka "kwa kufikia umri". Ni kweli, umri ni wake na hajawahi kuuficha. Ila msomaji wa jarida hili asije akadhani kwamba mama huyu amechoka. Waliochoka ni wale waliojaribu kumbadilisha mawazo.

Aliingia hapa akiwa msaidizi katika chumba cha maleba, yaani chumba cha mavazi ya jukwaani. Alipokuwa akimvisha mwigizaji hakukosa swali: huyu mtu unayemwigiza, vifungo vyake anavifunga mwenyewe au anafungwa? Haikuchukua muda, waigizaji wakawa wanamfuata kwenye cherehani kumwuliza mambo waliyopaswa kumwuliza mwongozaji. Mwongozaji wa wakati huo, mzee mwenye roho nzuri na sauti ya radi, aliposikia habari hizo alikwenda mwenyewe hadi mlangoni akasema, "Binti, weka sindano chini, njoo uumwe kichwa pamoja na sisi." Alikwenda, na hajarudi. Hata hivyo, mpaka leo akiona upindo wa gauni umelegea hakusikilizi unachosema.

Jina la Bi Tena alipewa na waigizaji, kwa kuwa hakuna neno alilolisema mara nyingi mazoezini kuliko hilo. Alilisema kwa upole, bila kuinua kichwa, na lilitosha kumrudisha mtu mzima mlangoni akaingie upya.

Hapa inafaa kueleza kidogo, maana wengi hudhani kuongoza mchezo ni kuwaambia watu wasimame wapi na wapaze sauti lini. Hiyo ni kazi ya askari wa barabarani. Mwongozaji hupewa mswada, maneno matupu kwenye karatasi, na kazi yake ni kutafuta kile ambacho watu walio ndani yake wanakitaka na hawakisemi. Bi Tena alikuwa na njia yake ya kukitafuta. Kwake, mwigizaji hakuruhusiwa kutamka neno kabla hajafanya kazi ya mtu anayemwigiza, na kuifanya kweli. Anayeigiza mpishi alimenya vitunguu mpaka machozi. Mwaka aliotuletea mchezo wa kinyozi, wafanyakazi kadhaa walikwenda nyumbani na vichwa vya kusikitisha, meneja akiwa mmoja wao. Meneja alivaa kofia mwezi mzima na hakumsamehe mtu.

Mchezo wake wa mwisho uliandikwa na karani wa posta ambaye hakuwa amewahi kuandika mchezo mwingine. Uongozi haukuutaka. Ulitaka turudie kile kichekesho cha zamani cha mkwe na mbuzi, kinachojaza ukumbi kila kikitajwa. Bi Tena aliwajibu kikaoni, "Kichekesho hicho watazamaji wanakijua kuliko waigizaji. Basi wapande wao jukwaani, sisi tukae vitini." Mwishowe walimkubalia kwa sharti moja: onyesho la kwanza likishindwa, mchezo mpya unaondolewa, na mkwe na mbuzi wake wanarudi. Hivyo ndivyo miaka yote ile ilivyowekwa kwenye alasiri moja ya Jumamosi.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuusimulia. Mama mmoja anafua nguo za watu. Mwanawe aliyefanikiwa amekuja kumchukua akaishi naye, na gari linasubiri nje. Mwana anauliza, "Mama, tunaondoka au hatuondoki?" Mwandishi alikuwa amempa mama jibu refu la ukurasa mzima. Bi Tena alilisoma, akampa mwigizaji shuka kubwa la kitandani akunje. Aliyewahi kukunja shuka peke yake anajua taabu yake: ukikamata pembe hii, ile inaburura chini. Siku hiyo Bi Tena na mwandishi waliufuta ukurasa wote. Mwandishi alinuna, akaenda kunywa chai, akarudi akasema, "Mama hana haja ya kusema. Shuka linasema." Kuanzia hapo mama alikuwa akikunja kimya, na mwanawe akimtazama, hadi mwishowe amshikie.

Bahati mbaya mkumbushaji wetu, mzee aketiye nyuma ya pazia na mswada ili amnong'oneze mwigizaji aliyesahau maneno, siku hiyo, ya mwisho ya mazoezi, alikuwa kwa daktari wa meno. Mzee huyu tunamwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu na koo lake halijastaafu. Mswada wake ulibaki na ule ukurasa. Siku ya Alhamisi tulipowachezea wageni waalikwa, kimya kilipoingia, Mwalimu akanong'ona. Mwigizaji hakusema. Akanong'ona kwa nguvu. Hakusema. Ndipo ikatoka sauti ya darasani, ukumbi mzima ukaisikia: "MIAKA YOTE HII NIMEFUA NGUO ZA WATU!" Mwigizaji aliangusha shuka. Wageni walicheka mpaka taa zikawashwa.

Kesho yake Bi Tena aliitwa ofisini kwa meneja, na kwa kuwa ukuta wa ofisi hiyo ni wa mbao nyembamba, sote tulihudhuria.

"Bibi, watu wanadhani mwigizaji amesahau," alisema meneja. "Tia wimbo pale. Wimbo mdogo tu."

"Aimbe nani? Mama ana shuka."

"Mwana aimbe, basi."

"Mwana anayeimba huku mama yake anahangaika? Watazamaji watapanda wamchape."

Meneja alicheka, kisha akakumbuka kwamba hapaswi. "Bila wimbo, Jumamosi nikiona wanacheka, nafunga mchezo."

"Funga baada ya Jumamosi, bwana. Kabla ya hapo jukwaa ni langu."

Mwalimu alikuja kichwa chini, akitaka kuacha kazi. Bi Tena alimrudisha kitini. "Keti hapo. Ulisoma vizuri sana, ila ulisoma mchezo mwingine." Halafu, badala ya kukifupisha kimya kile kama sote tulivyotegemea, alikirefusha. Kijana anayeigiza mwana alipouliza alishike shuka wakati gani, aliambiwa, "Utakaposhindwa kabisa kutolishika."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Swali likaulizwa, mama akanyanyua shuka, kimya kikaingia. Pembe ya kwanza ikaanguka. Mtu akakohoa. Pembe ikaanguka tena. Mmoja akaanza kucheka, akanyamazishwa. Meneja alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Mwalimu alikuwa ameuma leso. Na mama bado anakunja, na mwana bado anatazama, mpaka kutoka viti vya nyuma mwanamke mmoja akasimama akapaza sauti:

"We kijana, huoni? Mshikie mama shuka!"

"Ana mikono mingapi huyo?" mwingine akadakia.

Hakucheka mtu. Mwana akainama, akashika pembe mbili. Wakalinyoosha, wakaendeana, mikono ikakutana. Mama akamtazama mwanawe, akasema maneno yake ya mwisho: "Ahsante, baba. Sasa lete lile jingine." Hapo kila aliyekuwamo alielewa kwamba mama haendi popote. Pazia lilishuka, na watu walisimama wakapiga makofi.

Nyuma ya jukwaa tulikuwa tukikumbatiana. Bi Tena alimwendea yule kijana. "Umelishika mapema," alimwambia. "Ulimtii yule mama wa nyuma. Kesho nitii mimi." Meneja alikuja kupongeza, akatangaza kwamba mchezo utaendelea msimu mzima, na kwa sauti ya chini akauliza kama kimya kingeweza kupunguzwa kidogo. Alijibiwa kwa neno moja, na halikuwa ndiyo.

Sasa tunasikia kwamba mwongozaji mpya ataruhusiwa "kuuboresha" mchezo huo. Tutampokea kwa heshima, tutampa kiti na chai, na tutamweleza taratibu. Ule ukurasa Mwalimu ameuchana. Mwigizaji wetu amesema mikono yake itakuwa imejaa. Fundi taa amesema swichi yake haijui nyimbo. Kimya kile kinabaki kama alivyokiacha Bi Tena mwenyewe.

Bi Tena, dada yetu, ahsante kwa kila mlango uliotufanya tuuingie upya. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi. Na atakayekuambia sasa ni wakati wa kupumzika, usimsikilize.