Biskuti za Mwenye Ardhi

Kwenye basi la kwenda Catford, mama mmoja mzee alikuwa akimlalamikia abiria wa kando yake kwamba fleti yake haiuziki, na yeye anataka kuhamia kwa binti yake. Miaka iliyobaki kwenye mkataba wa ardhi ni michache, benki hazimkopeshi mnunuzi.

"Si ungeomba kuongezewa miaka mapema, mama? Ikishuka chini ya miaka themanini, bei ya kuongeza unayomlipa mwenye ardhi inapaa."

"Mwenye ardhi, Bwana Pettifer, alikuwa akija kila Krismasi na biskuti. Nikimgusia, ananiambia hakuna haraka, tunywe chai kwanza."

"Ungempelekea barua ya wakili."

"Wakili? Kwa mtu anayekaa kwenye kochi langu?" Alimtazama kama aliyeambiwa akamtemee mtu mate. Watu wa hapa tutakufa na adabu zetu.

"Na Krismasi iliyopita alikuja?"

"Hakuja. Miaka ilishuka chini ya themanini mwezi wa kumi na moja."

Basi liliposimama, mama aliinuka, akamwomba abiria yule radhi kwa kumpita magotini.

"Nadhani alikuwa anaumwa," alisema. "Nimemtumia kadi ya pole."